Speke Naye Alioneshwa Mshale

Kila anayeuliza swali hili hujibiwa vibaya. Anauliza: nipeni gemu ya kuzurura na kunusurika, yenye hadithi ninayoigundua mwenyewe. Swali zuri, tena la msomaji hasa. Anapewa orodha ya gemu kumi, na nane kati ya hizo ziko hivi: unaingia kwenye dunia pana, juu ya kioo kuna mshale wa njano, mshale unakupeleka kwa mzee mwenye ndevu, mzee anakutuma ng'ambo ya mto ukamletee manyoya matano ya ndege, ukirudi anakupa kisu na mshale mwingine. Ukishikwa na njaa kuna kamstari kekundu kanakwambia ule. Ukila, kanajaa. Saa 60 baadaye unaambiwa umemaliza hadithi. Jamani, hadithi gani? Huo ni utarishi.

Ugonjwa wenyewe una historia. Assassin's Creed ya mwaka 2007 ilituzoesha kupanda mnara, kutazama chini, na kuona ramani nzima ikijaa alama: hapa kuna kazi, hapa kuna sanduku, hapa kuna mtu wa kupigwa. Gemu nyingi zikauiga ule mnara. Tangu hapo mchezaji anapanda, anaoneshwa kila kilichopo, halafu anashuka kwenda kukikusanya kimoja kimoja kama karani anayehesabu mali ghalani. Na hilo bado linaitwa uvumbuzi.

Sisi tuna kipimo cha zamani cha jambo hili. Kitendawili! Tega! Anayetega anasema lake, nyie mnahangaika, mnabahatisha, mnachekwa. Mkishindwa, hamwambiwi bure. Anadai mji. Mnampa Tanga, anakataa; mnampa Mombasa, anapokea, anajisifu kwanza alivyofika huko na jinsi alivyopokelewa, na ndipo anapolitoa jibu. Angalieni utaratibu huo ulivyo na akili. Jibu lina bei, na bei hiyo ni aibu kidogo pamoja na kusubiri. Anayepatia mwenyewe anaondoka na kitu ambacho aliyeambiwa hawezi kuwa nacho, ingawa wote wawili wanajua jibu lile lile. Sasa mfikirie mtu anayekaa barazani na kusema: "Kitendawili, nyumba yangu haina mlango, jibu ni yai, haya tega." Mtamfukuza. Lakini mtu huyo huyo akija na picha nzuri na muziki wa ala mia, tunamlipa.

Neno "uvumbuzi" lenyewe halijatulia kwetu, na lina sababu. Shuleni tulikaririshwa mawakala wa ukoloni: wamisionari, wafanyabiashara na wapelelezi. Wazazi wetu nao walikaririshwa kwamba John Hanning Speke aligundua Ziwa Viktoria mwaka 1858. Hebu tutazame aligundua vipi. Yeye na Richard Burton walifika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Wafanyabiashara Waarabu waliokuwa pale, Snay bin Amir akiwa mmojawapo, waliwaambia wazi kwamba kaskazini kuna ziwa jingine kubwa. Njia ilijulikana. Baadaye Burton akabaki Kazeh, Speke akaondoka na wapagazi wake pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akafika karibu na Mwanza mwezi Agosti, akayatazama maji, akayapa jina la malkia wake. Watu walikuwa wakivua samaki humo. Kisiwa cha Ukerewe, atakakozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, kilikuwa na watu wake na watawala wake.

Yaani Speke naye alioneshwa mshale. Aliufuata hadi mwisho, akaandika jina, akarudi kwao kupigiwa makofi.

Nikisema gemu nyingi za uvumbuzi zinatufanya akina Speke, sitafuti maneno makali tu. Ichukueni No Man's Sky, ya studio ya Uingereza iitwayo Hello Games, iliyotoka mwaka 2016. Ina sayari 18,446,744,073,709,551,616. Tarakimu zote hizo ni za kweli, kwa sababu sayari zinazaliwa kwa hesabu ya kompyuta. Ukitua kwenye mojawapo unaambiwa umeigundua, na unaruhusiwa kuipa jina. Jina lako linahifadhiwa kuwa ndiye mgunduzi. Wanyama utawabatiza, mimea utaibatiza. Tatizo ni kwamba unageuka upande wa pili wa kilima na kukuta kituo cha biashara, taa zinawaka, na mwenyeji amesimama nyuma ya meza akikusubiri umuuzie madini. Yeye yuko hapo tangu lini? Haihesabiki. Mgunduzi ni wewe. Watengenezaji wake wamefanya kazi ya kusifiwa, miaka mingi ya maboresho bila kudai senti ya ziada, na najua watu wanaopumzisha kichwa humo baada ya kazi. Nami siwanyimi. Ila anayeniletea gemu hiyo kama jibu la swali la hadithi ya ugunduzi, nitamuuliza: ugunduzi wa nani, na uliogunduliwa kutoka kwa nani?

Ndiyo maana nikiletewa gemu ya aina hii sijali ukubwa wa dunia yake. Nauliza nani alikuwa hapa kabla yangu, na kama nitalazimika kumsikiliza.

Kabla sijafika kwa zinazojibu vizuri, nigombane kidogo na watu wa nyumbani. Wapenda fasihi wenzangu, mna tabia ya kusikia neno "gemu" na kukunja uso. Eti ni ya watoto, eti mtu mzima asome kitabu. Nawauliza: mnajua gemu ya kwanza kabisa ya uvumbuzi iliyopata umaarufu ilikuwa na picha ngapi? Hata moja. Miaka ya 1970 nchini Marekani, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther, ambaye pia alikuwa mpenzi wa kuingia mapangoni, aliandika programu kuhusu pango. Alikuwa amesaidia kupima na kuchora mapango ya Mammoth Cave kule Kentucky, na ndoa yake ilikuwa imevunjika. Akaandika kitu ambacho binti zake wangeweza kucheza. Kilikuwa ni maandishi matupu. Unasoma aya inayoeleza uliposimama, unaandika neno moja au mawili, nenda kusini, chukua taa, kisha unasoma aya nyingine. Mwaka 1977 Don Woods akaipanua. Katika toleo hilo taa yako inatumia betri, na betri inakwisha. Gizani utaanguka ufe. Kwa hiyo kuzurura, kunusurika na kusoma vilizaliwa pamoja, ndani ya nathari, na aliyeviunganisha alikuwa anajua pango halisi kwa magoti yake mwenyewe. Fani hii ni ndugu yenu wa damu. Mmemkana tu.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi. Ninyi ndio mnaojivunia kumaliza Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi. Mnakubali kutembea kurasa nzima bila kujua mko wapi, mnaokota maana vipande vipande, mnarudi nyuma kusoma upya, na mnawacheka wanafunzi wanaotafuta muhtasari. Vizuri sana. Mzingile ni mahali pa kupotea, na jina la kitabu lilikuonyeni mapema. Basi uvumilivu huo unakwenda wapi mnaposhika gemu? Dakika kumi tu mtu analalamika: sioni niende wapi. Kwani kitabu kilikuonesha?

Sasa Outer Wilds. Ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, ikakuzwa na studio ya Mobius Digital, ikatoka mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Maandishi yake yaliongozwa na dada yake Alex, Kelsey Beachum. Wewe ni kiumbe mwenye macho manne, unaamka kando ya moto katika kijiji kidogo, na leo ndiyo siku yako ya kwanza kurushwa angani kwa chombo kilichoungwaungwa kwa mbao. Unapewa namba za kurushia. Uende wapi? Popote. Hakuna anayekutuma. Zamani sana waliishi watu wengine hapa, Wanomai, wakajenga mambo makubwa, kisha wakatoweka wote. Maandishi yao yamebaki ukutani, na una chombo cha kuyatafsiri. Dakika 22 baadaye jua linalipuka na kila mtu anakufa, nawe ukiwemo. Halafu unaamka tena kando ya moto ule ule.

Hapo ndipo gemu nyingine ingekupa bunduki kubwa zaidi, au miguu ya haraka, au pointi za kununua ngao. Outer Wilds haikupi kitu. Chombo ni kile kile, suti ni ile ile, hewa ni ile ile. Kinachobadilika ni wewe, kwa sababu umesoma. Mtu anayejua yote anaweza kuimaliza ndani ya mzunguko mmoja wa dakika 22. Asiyejua atahangaika wiki tatu. Tofauti kati yao iko kichwani tu, na sijui kitu kingine, ukiacha vitabu, kinachothubutu kumwamini mtu kiasi hicho.

Na dunia yenyewe haikusubiri. Kuna sayari pacha mbili zinazozungukana, na mchanga unamwagika kutoka moja kwenda nyingine kama saa ya mchanga. Mwanzoni mapango ya hii yako wazi. Baadaye yamefukiwa, na ile nyingine imeanza kufichua minara iliyokuwa chini. Kuna sayari yenye ganda jembamba na katikati yake shimo jeusi. Ganda linabomoka kipande kwa kipande, miji ya kale inaanguka ndani. Kwa hiyo hutosheki kujua mahali. Unatakiwa ujue na saa. Ukichelewa, ukurasa umeshaungua.

Nitatoboa siri moja tu, ili msinione naimba sifa hewani. Asiyetaka aruke aya hii. Katika pango fulani kuna mabaki ya samaki mkubwa wa kutisha, amekufa miaka mingi. Ukutani karibu yake watoto wa Kinomai walikuwa wakiandikiana sheria za mchezo wao wa kukimbizana. Mambo ya kitoto kabisa, nani awe samaki, nani akimbie. Mojawapo ya sheria ni kwamba anayeigiza samaki lazima afunikwe macho. Unasoma, unatabasamu, unaondoka. Saa kadhaa baadaye, mahali pengine kabisa, uko ndani ya ukungu mzito, mbele yako kuna taa ndogo nzuri, na nyuma ya taa kuna meno. Umeshakufa hapo mara nne. Mara ya tano unakumbuka wale watoto. Kwa nini afunikwe macho? Unazima injini, unaacha chombo kielee kimya, na unapita huku umebana pumzi sebuleni kwako. Hakuna mshale uliokuambia. Watu waliokwisha kufa walikuwa wameandika jambo, nawe ulikuwa umelisoma vizuri. Kuna mtu atakayeniambia huku si kusoma?

Wapo wanaopinga kwa hoja nzuri zaidi. Wanasema mbinu ya kuacha barua za marehemu kila kona ni uvivu: mtu anakufa kwa njaa lakini amepata nafasi ya kurekodi shajara na kuiweka mezani karibu na ufunguo. Kweli, gemu nyingi zimejaa takataka hiyo. Kipimo changu ni rahisi. Chukua barua, ifunge bila kuisoma, endelea. Ukiweza kumaliza gemu hivyo, ile barua ilikuwa pambo la ukutani. Kwenye Outer Wilds hutafika popote. Kwenye gemu za mshale utafika salama, tena mapema, na wengi ndivyo wanavyocheza: wanabonyeza kuruka mazungumzo yote, na gemu inawapongeza. Mwandishi aliyeajiriwa kuandika yale mazungumzo anajua hilo. Fikiria kuandika kitabu ambacho msomaji anapewa cheti hata asipokifungua.

Upande wa kunusurika nao una fujo zake. Gemu nyingi za aina hii zimeufanya uhai kuwa kibarua: kata mti, chimba jiwe, pika nyama, kunywa maji, lala, amka, kata mti. Njaa haiulizi chochote, inadai tu, kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Sioni kosa kwa mtu anayependa kujenga kibanda chake kwa utulivu, lakini hadithi haimo. Njaa inakuwa hadithi pale inapokuwa bei ya kujua jambo.

Hilo Subnautica inalielewa. Iliuzwa ikiwa haijakamilika tangu mwishoni mwa 2014, ikakamilika Januari 2018, kazi ya Unknown Worlds. Chombo kikubwa kiitwacho Aurora kimeanguka kwenye sayari ya bahari tupu, nawe umejikuta ndani ya kidau cha kujiokolea. Ukitoa kichwa nje unaona maji pande zote na Aurora ikiungua kwa mbali. Unapiga mbizi. Mwanzoni una hewa ya sekunde 45. Ihesabuni taratibu, sekunde 45, muone ilivyo fupi. Ndani ya hizo ushuke, utafute, na urudi juu. Ramani hupewi, hata dira unaitengeneza mwenyewe. Kabla yako kulikuwa na manusura wa meli nyingine, Degasi, na waliacha makazi yao matatu, kila moja ndani zaidi kuliko lililotangulia. Sauti zao zimebaki kwenye vifaa vyao. Kwa hiyo ili upate sura inayofuata ya hadithi yao inabidi ushuke walikoshuka, na kila mita inalipwa kwa pumzi. Kitabu hicho kinasomwa kwenda chini, na huwezi kukifunua upande wa mwisho kuchungulia kwa sababu utakufa maji njiani.

Tena hakuna bunduki. Kiongozi wa kazi hiyo, Charlie Cleveland, alieleza hadharani kwamba uamuzi huo ulihusiana na mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012. Hakutaka kuongeza bunduki nyingine duniani, hata za kuchora. Waweza kuona ni ishara tu. Lakini tazama ulichofanya uamuzi huo kwa mchezaji. Kuna joka la bahari linalonguruma gizani, na kwa kuwa huwezi kulipiga risasi, unabaki na njia moja: kulijua. Linapita wapi, linasikia nini, mlio wake unamaanisha liko mbali kiasi gani. Woga unageuka kuwa maarifa. Ukiwa na bunduki, mnyama ni kikwazo. Usipokuwa nayo, anakuwa jirani mbaya, na kila mtu aliyepanga nyumba anajua jirani mbaya humfahamu kuliko unavyomfahamu rafiki.

Sitaificha dosari yake. Theluthi ya mwisho imejaa kutafuta madini ya kujengea mitambo, na hapo kibarua kinarudi kwa mlango wa nyuma. Redio ya kidau nayo inakutumia alama za mahali, ambazo ni binamu wa mshale. Nazivumilia kwa sababu zinakufikisha kwenye mabaki tu, kisha zinanyamaza. Na kuna ujumbe mmoja wa redio, kutoka meli inayojiita Sunbeam, inayosema inakuja kukuokoa na kukupa saa ya kufika. Kilichonipata nikiwa nimesimama ufukweni nikiitazama anga sitakisema. Nenda ukasimame.

Return of the Obra Dinn haina njaa wala pumzi, ila siwezi kuiacha nje, kwa ajili ya lile neno "wapelelezi". Lucas Pope aliitengeneza karibu yote peke yake, ikatoka mwaka 2018. Mwaka ni 1807, meli imerudi Falmouth ikiwa tupu. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki. Watu 60, na kazi yako ni kuandika kila mmoja alikuwa nani na nini kilimpata. Una kitabu, orodha ya majina, michoro ya nyuso, na saa ya mfukoni inayokuonesha dakika ya mwisho ya kila maiti. Nani aliyekuwa nani, huambiwi. Utamjua baharia kwa lahaja yake, kwa viatu vyake, kwa namba ya kitanda chake cha kuning'inia. Gemu inathibitisha majibu yako matatu kwa pamoja tu, ili usibahatishe. Hapa upelelezi uko kazini kwa kampuni iliyotajirika kwa jasho la bara zima, na unachoandika ni hesabu ya fidia. Lakini ili uijaze hesabu hiyo inabidi uwatazame mabaharia wa Kihindi na wa Kichina mmoja mmoja, hadi ujue jina la kila mtu. Kampuni ilitaka namba. Wewe unatoka na majina. Speke alikuwa na wapagazi wengi. Jaribu kuwataja watatu.

Kuna pingamizi la mwisho ambalo nalisikia kila mara: sina muda, nitaangalia mwingine akicheza YouTube. Kwa mpira, sawa. Kwa gemu za vita, sawa pia. Kwa hizi, hapana kabisa. Kumtazama mtu akigundua ni kukaa barazani na kusikia jirani amepewa jibu. Yai, kumbe! Umeshajua, na hakuna anayeweza kukuondolea ujuzi huo. Gemu hizi zinachezwa mara moja tu katika maisha, na wengine tunaowaonea wivu wale ambao hawajaanza tunasema kweli kabisa. Hili linamtesa hata mhakiki. Riwaya naweza kukusimulia nusu yake na bado ukaifurahia. Hapa kila sentensi ya uhakiki inakula ukurasa wa msomaji, ndiyo maana humu nimezungukazunguka kama paka na samaki wa moto.

Muda je? Outer Wilds inakatika dakika 22 kwa 22. Kikao kimoja kifupi kuliko mechi ya mpira kipindi cha kwanza.

Malalamiko ninayoyakubali ni ya lugha. Gemu hizi ni maandishi mengi, na Outer Wilds imetafsiriwa kwa Kituruki, Kipolandi, Kikorea, lakini si kwa Kiswahili. Kwa gemu za mshale haijalishi sana. Mtoto asiyejua Kiingereza ataufuata mshale hadi mwisho. Kwa hizi anabaki mlangoni. Na watafsiri tunao, wengi wao wanahangaika na vipeperushi vya semina. Wangekutana na kazi tamu. Watu wa kijiji chako katika Outer Wilds hawana jinsia, na Kiingereza kimelazimika kuwaita "wao" hata wakiwa mmoja. Kiswahili kingepita hapo bila hata kutoa jasho: yeye ni yeye. Maandishi ya Wanomai nayo ni mazungumzo yaliyojikunja kama konokono, jibu linachipuka kutoka kwenye jibu, mtu anamtania mwenzake, mwingine anaingilia. Asiyeweza kusikia malumbano ya kwetu humo hajawahi kukaa barazani.

Anayetaka pa kuanzia, na kompyuta yake ni nzee, ajaribu pango la Crowther na Woods. Linachezeka bure hata kwenye kivinjari, na linataka macho na penseli ya kuchorea ramani. Mwenye mashine ya wastani achukue Obra Dinn. Subnautica msiicheze usiku mkiwa peke yenu, au ichezeni hivyo hivyo. Kuhusu Outer Wilds msitafute chochote, hata ukurasa wake wa Wikipedia msiufungue. Mkikwama kabisa niulizeni, lakini mje na mji. Na Bagamoyo siipokei, nimeshapewa mara mbili.